Kiyoyozi cha Gari Kinapochoka kwenye Foleni



Wasomaji wetu wapenzi, huenda baadhi yenu mkashangaa kuniona leo nimeshika kalamu kuandika juu ya feni na gesi, ilhali mmezoea kunisoma katika mambo mengine. Sikuyatafuta maneno haya. Yalinifika katika foleni ya feri ya Likoni, mwezi wa Februari, saa nane za mchana, mama yangu mzazi akiwa katika kiti cha nyuma.

Tulikuwa tumetoka Ukunda kumpeleka kwa daktari wake kisiwani. Umri wa mama umepita miaka 70, na kwa muda mrefu sasa ana maradhi ya shinikizo la damu. Mama watoto ndiye aliyeshika usukani, kwani macho yake ni bora kuliko yangu, na subira yake kadhalika. Njia nzima gari lilikuwa baridi, hata mama akajifunika mtandio mabegani. Tulipofika Likoni na kusimama nyuma ya malori, ile baridi ikaanza kutuaga. Haikupita robo saa, upepo uliokuwa ukitoka kwenye matundu ya dashibodi ukawa kama pumzi ya mtu mwenye homa. Tukafungua vioo, ukaingia moshi wa dizeli na fukuto la kaskazi. Binti yetu mdogo akatoa daftari lake la skuli akawa anampepea bibi yake. Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu mama yangu hulalamika akiwa mzima. Alisema neno moja tu, kwamba moyo unamwenda mbio.

Alhamdulillahi, tulivuka na tukafika. Daktari alimpumzisha karibu saa nzima kabla ya kukubali kumpima shinikizo lake, akasema hali ile ya joto haimfai mtu wa umri wake. Nami nilikaa kwenye benchi nikiwa na haya, kwani gari lile lilikuwa limeingia gereji mara tatu katika muda wa miezi minne kwa maradhi hayo hayo. Kila mara niliambiwa gesi imepungua. Kila mara niliongezewa gesi na kulipa shilingi 3,500. Kila mara fundi alinipandisha garini tukazunguka barabara mbili tatu, baridi ikatoka kali kabisa, nami nikatoa fedha kwa moyo mkunjufu. Sikutanabahi kwamba jaribio lenyewe lilikuwa na kasoro. Tulikuwa tukilijaribu gari likienda, na maradhi yake yalikuwa ni ya gari likisimama. Baada ya gesi ya mara ya tatu hali ilizidi kuwa mbaya, nami nikasema labda gari limezeeka tu.

Mtu aliyetutoa katika giza hilo ni fundi mmoja mzee wa umeme wa magari, anayefanya kazi yake chini ya mwarobaini, asiye na ubao wala jina mlangoni. Hakufungua boneti. Alituuliza kwanza.

"Sheikh, gari likienda, baridi ipo?"

"Ipo, tena kali."

"Na likisimama?"

"Huondoka."

"Usiku likisimama?"

Hilo sikulijua. Mama watoto ndiye aliyejibu, kwamba usiku huwa afadhali kidogo.

"Basi, mama," alimwambia yeye, si mimi, "maradhi yake umeshayataja."

Akawasha gari, akafungua kiyoyozi hadi mwisho, akainua boneti na kutuonyesha. Mbele ya injini palikuwa na feni mbili. Moja ilikuwa ikizunguka, ya pili imelala. Akaagiza jagi la maji, akayamwagia taratibu kwenye kile kiwambo cha alumini kilicho mbele kabisa ya gari, nyuma ya grili. Akatutaka tuweke mikono yetu kwenye matundu ya ndani. Haukupita muda, baridi ikarudi, gari likiwa palepale limesimama juani. Maji yalipokauka, baridi ikaondoka tena. Kisha akachukua kijiti kirefu cha mbao, akaigonga mota ya ile feni iliyolala. Ikashtuka, ikazunguka mizunguko kadhaa kwa nguvu, ikalala tena. "Kaboni zimekwisha," akasema. Alikuwa na maana ya vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota, ambavyo husagika kwa miaka ya kazi.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimewauliza jamaa na majirani, nikakuta kisa hiki si changu peke yangu. Kuna akina mama wanaopeleka watoto skuli kwa magari yenye kiyoyozi kinachokufa kila taa nyekundu inapowaka, nao wameshanunua gesi mara nne, mara tano. Lau wangejua kinachopita ndani ya mabomba yale wasingelaghaika kirahisi, wala fundi asiyejua asingejidanganya mwenyewe.

Wazee wetu waliijua siri ya jambo hili kabla gari la kwanza halijateremshwa bandarini. Mtungi wa udongo ukiwekwa penye kivuli na upepo, hutoka jasho upande wa nje. Jasho lile likikauka huondoka na joto, na maji ya ndani yakawa baridi pasi na umeme. Ndivyo ilivyo spiriti anayotupaka muuguzi kabla ya sindano: mkono huhisi baridi kwa sababu kilicho majimaji, kikigeuka mvuke, huchukua joto la kile kilichokigusa. Kiyoyozi cha gari ni mtungi wa namna hiyo, ila jasho lake limefungiwa ndani ya mabomba na hutumika tena na tena.

Nyuma ya dashibodi mna kisanduku chenye mabomba membamba. Humo ile tunayoiita gesi huingia ikiwa majimaji, ikageuka mvuke kwa ubaridi ulio karibu na wa barafu, na katika kugeuka huko hunyonya joto la ndani ya gari. Kisha kompresa, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda, huivuta gesi ile na kuikandamiza mpaka ikawa na joto la nyuzi 70 au zaidi. Huenda ukauliza, mbona tunaipasha moto gesi tunayoitaka ituletee baridi? Ni kwa kuwa joto haliendi ila kutoka kwa kilicho moto zaidi kwenda kwa kilicho baridi zaidi. Gesi yenye nyuzi 20 haiwezi kuutua mzigo wake katika hewa ya Mombasa yenye nyuzi 33. Yenye nyuzi 70 yaweza. Mahali pa kuutua mzigo huo ni kondensa, yaani kile kiwambo cha alumini alichokimwagia maji fundi wetu. Hewa hupita katika mapengo yake, hulichukua joto na kuondoka nalo, na gesi hurudi kuwa majimaji tayari kwa safari nyingine.

Sasa tazama kinachotokea gari linaposimama. Likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo wa njia huipiga kondensa bila ya feni kuhitajika sana. Likisimama, upepo ule hukatika mara moja, na hakuna wa kuupisha hewa katika kondensa isipokuwa feni. Wakati huo huo injini, iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika, hushuka hadi mara 700 au 800, na kompresa hushuka pamoja nayo. Basi mambo mawili hupungua kwa pamoja, hewa ya mbele na nguvu ya kompresa. Gari zima hustahimili yote mawili. Lenye kasoro katika mojawapo huficha kasoro yake barabarani na kuidhihirisha kwenye foleni.

Ndiyo maana kupima ni kuyatenganisha hayo mawili, na mtu yeyote mwenye gari nyumbani aweza kufanya hivyo bila chombo chochote cha fundi. Ila natanguliza tahadhari, hasa kwa dada zetu. Feni za magari mengi huendeshwa kwa umeme na huweza kuanza kuzunguka ghafla, katika baadhi ya magari hata injini ikiwa imezimwa. Kabla hujainama juu ya boneti iliyo wazi, fungasa mtandio, kusanya mikono ya buibui, wala usimwache mtoto asogee. Na wenye kanzu tusijione tumesalimika.

Liegeshe gari mahali pa wazi, weka giya ya kuegesha na breki ya mkono, washa injini, fungua kiyoyozi kikamilifu. Mtu mmoja akae ndani, mwengine asimame mbele. Kiyoyozi kinapowashwa, katika magari mengi utasikia "tak" ya kompresa ikishika, na feni ya mbele, au zote mbili, huanza kuzunguka papo hapo au baada ya muda mfupi. Feni isiyozunguka ni jawabu la wazi. Iliyo hai lakini inazunguka kivivu pia ni mgonjwa, ijapokuwa fundi wa haraka ataiona inazunguka na kusema ni nzima. Kuna hila ndogo ya kuipima: chukua karatasi moja ya daftari, uiweke mbele ya grili. Feni yenye afya huivuta ile karatasi ikanata. Ikianguka, hewa haivutwi. Jirani yangu mmoja karatasi yake ilisukumwa nje. Alikuwa amebadilishiwa mota, na waya mbili zikaunganishwa kinyume, basi feni ikawa inapuliza kwenda mbele na kushindana na upepo wa njia. Kuzigeuza waya zile ilikuwa kazi ya dakika tano.

Feni ikiwa imelala, usikimbilie kununua mota. Huenda ni fyuzi, au rilei, ile swichi ndogo ya sumaku katika kisanduku cha fyuzi, na hivyo ni vitu vya bei ndogo. Fundi wa umeme akipeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota na ikazunguka vizuri, basi mota haina hatia, na tatizo liko nyuma yake. Isipozunguka, au ikazunguka baada ya kugongwa kama yetu, mota imekwisha. Na ukiona taa za gari hufifia linaposimama, basi mwambie aitazame na altaneta, kwani umeme dhaifu huidhoofisha feni hata ikiwa mpya.

Jaribio la pili ni la maji, kama alivyofanya yule mzee. Maji yamwagiwe kondensa peke yake, kutoka mbele kupitia grili, si waya wala injini. Yakileta baridi, umejua kwamba tatizo ni la kutua joto: feni, au kondensa iliyoziba. La tatu ni la mafuta. Gari likiwa bado limesimama, kanyaga mafuta kidogo mpaka mshale wa mizunguko ufike 1,500, uushikilie dakika mbili. Baridi ikirudi kwa hilo, ilhali maji hayakuirudisha, basi mtazame kompresa iliyochakaa, mkanda uliolegea unaoteleza, au gesi iliyopungua kweli. Katika pikapu na vani nyingi, feni huzungushwa na injini yenyewe na si umeme, basi huko kukanyaga mafuta huongeza feni na kompresa pamoja, na jaribio hili halitenganishi kitu. Feni za namna hiyo zina kiungo chenye mafuta mazito ndani yake, ambacho hushika injini ikipata moto. Kiungo kikichakaa, feni huzunguka ovyo bila nguvu.

Sasa nirudi kwenye gesi, kwani hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapozama. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Imefungiwa katika mabomba, na kwa haki ya mambo yapasa kukaa miaka. Kupungua kidogo kidogo kwa miaka mingi ni jambo la kawaida, lakini ikiwa imekwisha katika miezi miwili basi pana tundu, na kuongeza gesi bila kulitafuta tundu ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka. Fundi anayejua kazi yake atatafuta alama ya mafuta kwenye maungio, au atatia rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau, kisha ndipo azungumze habari ya kuongeza.

Lililonishangaza zaidi mimi ni kwamba gesi ikizidi hudhuru kuliko ikipungua kidogo. Gari dogo huhitaji baina ya gramu 400 na 600 hivi, na kipimo chake hasa kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti pamoja na jina la gesi yenyewe, R134a katika magari mengi tuliyonayo, au R1234yf katika mapya. Mbili hizo hazichanganywi. Gesi ikizidi, kondensa hujaa majimaji na kukosa nafasi ya kufanya kazi yake, shinikizo likapanda, na gari likisimama swichi ya usalama huikata kompresa isije ikapasuka kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu baada ya mara ya tatu. Yule mzee alipounganisha geji zake, upande wa shinikizo kubwa, ambao katika joto letu wastani wake ni pauni 200 hadi 250 kwa inchi mraba, mshale ulipita 300 na bado unapanda. Akazima. "Hapa pana gesi ya magari mawili," alisema, na hakucheka.

Basi baada ya kubadilisha mota ya feni ilibidi gesi yote itolewe kwa mashine na isiachwe itoke hewani. R134a ikitoka angani hushika joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzani huo huo, na ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka wa 2016 kuipunguza pamoja na ndugu zake. Kisha mabomba yakanyonywa kwa pampu kwa nusu saa, ili hewa na unyevu viondoke, na mwisho gesi ikapimwa kwa mizani kulingana na kibandiko. Kunyonya huku mafundi wengi hukuruka kwa kuokoa muda. Hewa iliyobaki ndani ya mabomba haigeuki majimaji, hukaa kwenye kondensa kama mgeni asiyejua kuaga, na dalili yake ni ile ile ya joto kwenye foleni.

Sisi wa pwani tuna jambo jengine ambalo wenzetu wa bara hawanalo kwa kiasi hiki, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari huila alumini ya kondensa. Ukichungulia katika gari lililolala miaka mitano karibu na ufuo, utaona yale mapezi membamba yamegeuka unga mweupe na kumomonyoka yakiguswa. Kondensa ya namna hiyo bado hupitisha gesi, lakini imepoteza mbawa zake za kutolea joto, na hakuna dawa isipokuwa kuibadilisha. Ambayo haijafika hapo huhifadhiwa kwa maji matamu: kila wiki mbili tatu, injini ikiwa imepoa, ioshwe kwa mfereji wa kawaida, maji yapite polepole. Ile mashine ya kuoshea magari yenye nguvu nyingi huyakunja mapezi na kuziba njia ya hewa. Na baina ya kondensa na radieta hujificha majani, mifuko na wadudu wasioonekana kwa mbele. Tulitoa konzi nzima ya majani ya mwarobaini katika gari la ndugu yangu, naye alikuwa akiapa kwamba gari lake ni safi. Aidha, fundi akikwambia kile kifuniko cha plastiki kinachoizunguka feni hakina kazi na akakitupa, mwambie akirudishe. Pasi nacho feni huvuta hewa ya moto ya pembeni na kuiacha kondensa na joto lake.

Unyevu wa hewa yetu nao ni mzigo. Sehemu ya kazi ya kiyoyozi ni kuutoa unyevu ule, na ndiyo yale maji yanayodondoka chini ya gari ambayo baadhi ya watu huyaona wakadhani limepasuka kitu. Maji yakidondoka chini, furahi. Yakikosa njia na kuingia miguuni mwa abiria, mrija wa kuyatolea umeziba. Ama ikiwa hewa inatoka dhaifu gari likienda na likisimama, hilo si la kondensa tena, tazama kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku cha glavu, ambacho wengi hawajui kwamba kipo.

Kwa wenye magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, ambayo sasa yamejaa mjini, naongeza neno. Mengi yao kompresa huendeshwa na umeme wa betri kubwa, haitegemei mzunguko wa injini, basi ikidhoofika likisimama lawama huangukia feni na kondensa kwanza. Waya zake za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Na mafuta ya kompresa hiyo ni ya namna yake. Fundi akitia mafuta ya kawaida, umeme huweza kuvuja na kompresa ikaharibika kabisa. Muulize kabla hajafungua chochote kama ameshafanya kazi ya gari la namna hiyo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Nimetaja kuuliza, nami nawakusudia akina mama wanaokwenda gereji peke yao na kuzungumzwa kama watoto. Mweleze fundi lini baridi huondoka: likisimama au likienda, mchana au usiku. Mwombe akuonyeshe feni zikizunguka kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Akisema gesi imepungua, akuonyeshe inapovuja. Na kabla ya kutoa shilingi yako, gari lisimame juani robo saa, injini ikizunguka, milango imefungwa, nawe umekaa ndani. Ukiwa na kipimajoto kidogo, kiingize katika tundu la katikati: katika mchana wa kaskazi, gari lililosimama likitoa nyuzi 12 au 14 limefanya vyema, nawe usidai zaidi. Likitoa 22, kazi haijakwisha. Fundi mwaminifu hachukii jaribio hilo, na nimeona vijana wetu hodari sana wanaolifurahia.

Na ikiwa foleni imekukuta kabla ya fundi? Ukiingia katika gari lililokaa juani, fungua vioo dakika moja mbili joto litoke, kisha ufunge na uweke ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani kwa ndani. Achana na hewa ya nje, ambayo kwenye foleni ni moshi wa lori lililo mbele yako. Acha nafasi baina yako na gari la mbele, kwani moto wa injini yake ndio hewa ya kondensa yako. Ikibidi, kanyaga mafuta kidogo ukiwa katika giya huru na breki imeshikwa. Utupie jicho mshale wa joto la injini, kwa sababu feni iliyolala huiweka hatarini na radieta. Mshale ukipanda, zima kiyoyozi mara moja, na usithubutu kufungua kifuniko cha radieta kikiwa moto. Kwa mgonjwa au mtoto mchanga, chukua maji ya kunywa na kitambaa cha kuloweka. Kitambaa kibichi shingoni na kipepeo mkononi ni ule mtungi wa wazee wetu tena, na hufanya kazi.

Mambo mawili hayangoji fundi. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kununua mkate, kwani ndani ya gari lililo juani joto hupanda kiasi cha nyuzi 10 katika dakika kumi za mwanzo, na mwili wa mtoto hupata moto upesi kuliko wa mtu mzima. Wala usimwache amelala ndani injini ikizunguka "ili apate baridi". Na katika gereji ya nyumbani au ua uliozibwa pande zote, injini isiachwe ikinguruma kabisa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humchukua mtu usingizini.

Mota yetu ilikuwa ya mtumba, na pamoja na kazi ya gesi gharama ilikuwa chini ya zile mara tatu nilizolipa bure. Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya mama kurudi kwa daktari. Likoni ilikuwa kama tulivyoiacha, malori yale yale, jua lile lile, na safari hii tulisimama dakika 40. Mama watoto hakusema kitu, alikuwa akiniangalia mimi nikiangalia tundu la hewa. Baada ya muda sauti ikatoka kiti cha nyuma, ya kulalamika.

"Mwanangu, lipunguzeni hilo libaridi lenu, miguu yaniganda. Na leso yangu mmeiweka wapi?"